Kumwandika Mtu kama Mdudu

Kuna mchezo wa kalamu ambao kwa mtazamo wa kwanza hudhaniwa kuwa ni wa watoto wa shule, nao ni huu: twaa maneno yoyote ya kila siku, yawe tangazo la dukani, barua ya mama, au salamu za jirani, kisha uyaandike upya kwa namna ambayo mtafiti wa wadudu angeyaandika baada ya kulala kifudifudi mbele ya kichuguu kwa siku saba, daftari mkononi, bila ya kukipenda wala kukichukia anachokiona. Mimi niliuanza mchezo huu katika mji wa Baraka, kando ya ile ghuba ambayo rasi ya Ubwari imeikumbatia kwa mkono mmoja kana kwamba inachelea isije ikamezwa na ziwa kubwa la Tanganyika, jioni moja ambayo chombo nilichokingoja hakikufika. Na kilipofika, asubuhi ya siku ya pili, mchezo ulikuwa umekwisha kugeuka kuwa swali, na swali lile halijaniacha mpaka leo.

Juu ya mlango wa duka lililoelekea majini palikuwa na maneno manne yaliyoandikwa kwa chaki: Leo makuta, kesho deni. Hakuna apitaye asiyeyafahamu, kwani makuta, sarafu ya enzi ya Zaire iliyokwisha kuzikwa, jina lake lingali hai midomoni mwa watu wa Kivu kwa maana ya fedha yoyote. Na mwenye duka, badala ya kumwambia jirani uso kwa uso kwamba hamkopeshi, ameiachia chaki imwambie. Nikatoa daftari, nikaandika hivi: "Viumbe hawa, wapatikanao kwa wingi ukingoni mwa maji, huhifadhi akiba katika vyumba vya pembe nne, na juu ya tundu la kuingilia huweka alama nyeupe ambazo kazi yake ni kuwazuia wenzao wasichukue akiba bila ya kuacha kitu badala yake. Alama hizo hutaja siku itakayokuja, ila haikupata kuonekana kwamba siku hiyo inafika."

Nikacheka peke yangu, hata mchuuzi wa ndizi aliyeketi karibu nami akanitupia jicho la huruma. Walakini kicheko kilipotulia niligundua kwamba maneno yale nimeyasoma mara nyingi katika miji mingi, na siku zote niliyachukua kuwa mzaha wa wenye maduka. Mtafiti wangu wa bandia ndiye aliyekuwa wa kwanza kunionyesha kwamba ni ahadi iliyotungwa makusudi isipate kutimizwa. Hii ndiyo faida ya kwanza ya kalamu ya mtazama wadudu: hubandua ule utando ambao mazoea huutanda juu ya macho, mtu akakiona kwa mara ya kwanza kitu alichokuwa akikitazama maisha yake yote.

Nikataka kuendelea, na mfukoni mwangu palikuwa na barua. Siku mbili kabla ya hapo, katika kijiji kimoja cha rasini, mama mmoja ambaye mkono wake haukuzoea kalamu aliniomba nimwandikie maneno machache kwa mwanawe aliyehamia mji wa Uvira, nami nikayaandika kama alivyoyatamka: Mwanangu, sisi wazima. Ndagala hatukuanika, mvua imeshinda. Baba yako anakohoa usiku. Usiache kuswali. Ni mimi mama yako. Hiyo ndiyo barua nzima. Nikaiweka juu ya goti na kuifasiri kwa lugha ya daftari: "Jike lenye umri hupeleka taarifa kwa mmoja wa kizazi chake aliyejitenga na kundi. Taarifa huanza na hali ya uhai wa kundi, hufuata hali ya akiba ya chakula, kisha hutajwa dalili za udhaifu wa dume. Mwisho hutolewa ishara fulani ambayo manufaa yake kwa lishe ya kundi hayajatambulikana."

Mara hii sikucheka. Nilizilinganisha barua mbili, ile ya mama na ile ya mtafiti, nikitafuta ni habari gani iliyopotea njiani, nikaona kwamba hakuna: uhai upo, samaki wapo, mvua imefichwa ndani ya akiba, kikohozi kimo ndani ya udhaifu, na sala imo ndani ya ishara. Habari zote zilifika salama, na hata hivyo barua ilikuwa imekufa. Kilichopotea ni maneno mawili ambayo, kwa mizani ya habari, hayana uzito wowote, kwa kuwa kijana anajua kwamba yeye ni mwana na kwamba aliyemwandikia ni mama. Nayo ni "mwanangu" mwanzoni na "mama yako" mwishoni. Kilichopotea, kwa ibara ya wanazuoni wa nahau, ni nidaa, yaani mwito. Mtafiti wa wadudu huandika juu ya mdudu, humwandikia mtafiti mwenzake, wala hamwambii mdudu neno lolote wala hatazamii kuambiwa. Kalamu yake ina jicho, haina mdomo.

Hapo ndipo swali lilipozaliwa: je, ni halali kumwandika mwanadamu kwa kalamu hii? Na kama ni halali, mpaka wake uko wapi?

Tuanze na lugha yenyewe, kwani mara nyingi lugha imekwisha kutoa hukumu kabla ya wenye hekima hawajaketi barazani. Karibu kila kitenzi cha Kiswahili kinaposimulia jambo hubeba mbele yake alama ya mtendaji, ni- ya mimi, u- ya wewe, a- ya yeye, tu- ya sisi, wa- ya wao. Na anayesema "alivua" amekwisha kumweka mtu ndani ya mtumbwi kabla hajataja jina lake. Kiko kiambishi kimoja tu cha wakati kinachoikataa alama hiyo kabisa, nacho ni hu-. Mimi huvua, wewe huvua, Wabwari huvua, ndege huvua, na mchwa hujenga: hakuna mimi wala wewe ndani yake, hakuna jana wala kesho, hakuna aliyezaliwa wala aliyekufa. Hu- ndiyo sarufi ya mtazama wadudu. Soma tena fasiri zangu mbili za hapo juu, utaona kwamba bila ya kukusudia nilizijaza hu- kama gunia la dagaa.

Sisemi kwamba hu- ni mbaya, maana hekima za wazee wetu nazo zimevaa vazi hilohilo; bandu bandu huisha gogo, na hakuna aulizaye gogo la nani. Nasema kwamba hu- ni aina ya mkopo. Mtu akiandika kuwa Wabwari huvua katika usiku usio na mwezi, hushusha taa juu ya maji meusi, na ndagala hupanda kuifuata nuru mpaka wakafika juu ya wavu, ameandika kweli ambayo mtaalamu yeyote wa kituo cha utafiti wa maji cha Uvira angeitia sahihi. Walakini katika ibara hiyo yote hakuna hata mtu mmoja aliyelowa. Aliyeandika hivyo anadaiwa. Siku moja lazima aseme kwamba fulani alivua juzi, taa ikamzimikia, akarudi mikono mitupu, akamkuta mkewe yu macho. Hu- isiyolipwa kwa a- ni kama kesho ya mlango wa lile duka.

Na lugha yetu ina siri nyingine katika jambo hili. Wayunani wa kale walimwita mdudu kwa neno lenye maana ya kilichokatwa, kwa kuwa walikitazama kiwiliwili chake kilichogawanyika kichwa, kifua na tumbo. Warumi wakalifasiri neno hilo kwa lugha yao, na kutoka kwa hao limeenea katika lugha za Ulaya hata leo. Kiswahili hakikuutazama mkato. Kimemtia mdudu katika ngeli ileile ya mtu, mtu amekuja na mdudu amekuja, watu wanakula na wadudu wanakula. Hata mchwa, siafu, nyuki na chungu, ambao maumbo ya majina yao hayafanani na ya watu, katika Kiswahili cha vitabu hupewa a- na wa- kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba wana roho. Mwenye kutaka kumdhalilisha mtu kwa Kiswahili hahitaji kumpeleka kwa wadudu, ambao ni jirani zake wa ngeli. Humtoa katika ngeli yenyewe, akamwita jitu au kijitu, akasema limekuja au kimekuja. Kinyume cha kilichokatwa nacho tunacho, tena tunakitamka kila asubuhi: mzima. Mzima ni aliye hai, mzima ni asiye mgonjwa, mzima ni asiyepunguzwa chochote. Yule mama wa rasini alipoanza barua yake kwa kusema sisi wazima alikuwa, pasipo kujua, amewajibu Wayunani.

Insafu yataka tuisifu kalamu hii kabla ya kuishitaki. Mfaransa Jean-Henri Fabre, aliyezaliwa mwaka 1823 na kufa mwaka 1915, aliwatumikia wadudu karibu maisha yake yote, akaandika juzuu kumi za kumbukumbu zake, ya kwanza ikatoka mwaka 1879 na ya kumi mwaka 1907. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba siku moja aliketi kando ya njia tangu asubuhi akimtazama mdudu, wachumaji zabibu wanawake wakampita wakienda kazini, na jioni waliporudi wakamkuta palepale akitazama palepale. Wakamhesabu kuwa ni maskini wa akili, wakafanya ishara ya msalaba. Mtu huyu hakuwapenda wale wataalamu walioridhika na mdudu aliyekwisha kufa na kuchomwa sindano katika sanduku la kioo; yeye alimtaka mdudu aliye hai, katika kazi yake na jua lake. Uvumilivu wa namna hii u karibu na ibada. Ni wangapi katika sisi waliopata kumtazama jirani yao kutwa nzima bila ya kumhukumu?

Na kalamu hii imeponya watu. Ugonjwa wa malale ulipowateketeza wakazi wa pwani za ziwa Nyanza mwanzoni mwa karne ya 20, uchunguzi uliofanywa Entebbe na David Bruce na wenzake mwaka 1903 ulionyesha kwamba mwenye kuueneza ni mbung'o akaaye katika vichaka vya kandokando ya maji. Na miaka sita kabla ya hapo, mwaka 1897, Ronald Ross alikuwa ameona katika tumbo la mbu, huko India, vijidudu vya homa ya malaria. Fikiri maana ya habari hizi kwa vijiji vyetu, ambamo mara ngapi homa ya mtoto imeandikwa juu ya jina la bibi kizee akaaye peke yake! Kabla ya kuwaza dawa, mtazama wadudu alifanya jambo la adabu: alikataa kumlaumu mtu mpaka kwanza amemtazama mbu. Hukumu iliyokuwa ikimwelekea mwanadamu aliigeuza ikaelekea mdudu, na bibi kizee akasalimika. Kwa hiyo atakayesema kwamba kalamu hii haina huruma ahesabu kwanza wazee ambao ingeweza kuwaokoa, na ambao hata leo, katika milima na fukwe za Kivu, hawajaokoka bado. Kazi hii haikuwa ya Wazungu peke yao. Mkenya Thomas Odhiambo alianzisha huko Nairobi, mwaka 1970, kituo cha kimataifa cha fiziolojia na ikolojia ya wadudu, na makao yake yanaitwa Duduville, jina ambalo nusu yake ya kwanza ni letu.

Sasa tugeuze ukurasa, kwa sababu Ubwari yenyewe imepata kuwekwa chini ya kioo.

Mwezi Machi wa mwaka 1858, Mwingereza John Hanning Speke alikuwa akilivuka ziwa kutoka Ujiji kwenda kutafuta jahazi la Mwarabu mmoja upande wa magharibi, naye mwenziwe Richard Burton amebaki nyuma mgonjwa. Usiku mmoja wa dhoruba, kisiwani, Speke aliwasha mshumaa ndani ya hema, na nuru ile ikawaita mbawakawa wadogo wasio na idadi. Alipochoka kuwafukuza alilala, na mmoja akaingia sikioni mwake, akaanza kuchimba. Speke alimmiminia siagi iliyoyeyushwa, isifae kitu; akatwaa kisu kidogo, akamuua mdudu na kujijeruhi mwenyewe. Uso ulivimba, majipu yakamtoka, sikio likaziba, na kwa miezi kadhaa vipande vya yule mdudu viliendelea kutoka pamoja na nta ya sikio. Tena tundu lilifunguka baina ya sikio na pua, hata akipenga kamasi sikio hupiga mluzi. Haya yote ameyaandika mwenyewe, kwa utulivu wa ajabu na kwa hesabu ya kila dalili, kana kwamba sikio lile ni la mtu mwingine.

Mwezi uliofuata Burton na Speke walipita Ubwari kwa mitumbwi wakielekea Uvira, ambako wenyeji waliwaambia kwamba mto Ruzizi huingia ziwani wala hautoki, na tumaini lao la kuikuta chemchemi ya Nili mahali pale likavunjika. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1860 Burton aliieleza Ubwari kuwa ni kisiwa. Ubwari si kisiwa. Imeshikamana na bara kwa upande wa kusini, na mtoto yeyote wa huku aliyepata kutembea kwa miguu kwenda kwa mjomba wake angalimweleza. Ghuba ikapewa jina la Burton na ingali nalo katika ramani. Simlaumu kwa kukosea, maana aliyeona kwa siku chache hukosea. Ninachokitazama ni tofauti ya kalamu mbili za safari moja. Mbawakawa mmoja alipoingia katika sikio la mmoja wao, alipata kurasa nzima, na saa yake, na mwendo wake, na matokeo yake miezi baada ya miezi. Watu wa fukwe zile walipata hu-, wakasemwa kwa jumla, kabila hili huvaa hivi, kabila lile hupenda vile, nao walikuwa na majina. Kuandikwa kama mdudu hakukuwa msiba wao, maana mdudu aliandikwa vizuri zaidi. Msiba wao ni kwamba hawakuingia sikioni.

Nimefika katika sehemu ambayo mkono wangu ni mzito. Katika nchi jirani ya Rwanda neno inyenzi, maana yake kombamwiko, lilitumika tangu miaka ya sitini kuwaita wapiganaji wakimbizi. Na mwaka 1994 redio iliyokuwa imeanza kusikika mwaka mmoja tu uliotangulia ikalitangaza neno hilo juu ya umma mzima wa watu, wanawake na watoto wachanga kwa pamoja, mpaka kuua kukaonekana kuwa usafi wa nyumba. Mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha ilitoa hukumu mwaka 2003 juu ya watu watatu wa vyombo vya habari. Je, hii ndiyo kalamu ya mtazama wadudu? La, hasha. Fabre angaliweza kukaa kutwa akimwandika kombamwiko mmoja, na mwisho wa siku angelikuwa na habari za kombamwiko yule na za hakuna mwingine. Yule wa redio hakumtazama mtu yeyote; alitwaa jina la mdudu ili asipate haja ya kutazama. Hata hivyo wawili hawa wana kitu kimoja wanachoshirikiana, na kwa ajili ya kitu hicho mtafiti hana budi kujihadhari: wote wawili husema juu ya mtu bila ya kusema naye, na wote wawili hupenda hu-. Hao huiba, hao husaliti, hao huzaana. Sisi wa Fizi, nchi hii ya Baraka na Ubwari, na wa milima iliyo juu yake tumeyasikia maneno ya sarufi hii kutoka pande zote, na makaburi yake tunayo.

Dini imelisema jambo hili zamani, na kwa kuwa katika nchi ya Fizi misikiti na makanisa hutazamana, nitalitwaa kwa Suleiman, ambaye ni wa vitabu vyote viwili. Katika Mithali zake mvivu anaamriwa aende kwa chungu, azitafakari njia zake, apate hekima. Katika Kurani, ambayo ina sura iitwayo kwa jina la nyuki na nyingine kwa jina la buibui (ijapokuwa mtaalamu atatukumbusha kwamba mwenye miguu minane si mdudu), sura ya 27 huitwa kwa jina la chungu, nayo yasimulia kwamba Suleiman alipofika na majeshi yake katika bonde la chungu, mmoja wao aliwaonya wenzake waingie majumbani wasije wakapondwa na Suleiman na askari zake bila ya wao kutambua. Suleiman akatabasamu. Wafasiri wamesema mengi juu ya tabasamu lile; mimi nimesimama katika maneno yale ya mwisho, bila ya wao kutambua. Hapa mtazamaji ni mdudu na mtazamwa ni mwanadamu. Chungu ameliona jeshi, amemtaja amiri wake kwa jina, ameueleza msiba unaokuja kwa usahihi wote wa mtaalamu, kisha, pale ambapo kila mwenye hofu huongeza shutuma, yeye ameweka udhuru. Hakusema kwamba wanadamu huponda. Kisha kumbuka kwamba aliyasema yote hayo kwa kuwaita wenzake, na kwamba yule aliyezungumzwa aliyasikia.

Na katika hadithi za Mtume imepokewa habari ya nabii mmoja wa zamani aliyeumwa na chungu, akaamrisha kijiji chote cha chungu kichomwe moto. Mwenyezi Mungu akamkemea, kwamba kwa sababu ya mmoja aliyekuuma umeteketeza umma uliokuwa ukimsabihi Mola wake. Sijui fatwa iliyo fupi kuliko hii dhidi ya kuwaua wengi kwa kosa la mmoja. Chungu aliuma, a-. Nabii akasikia kwamba chungu huuma, hu-. Na baina ya silabi mbili hizi umma ukateketea. Neno lililotumika kwa kundi la wadudu wale ni umma, lilelile ambalo hutumika kwa mataifa ya watu. Na Kurani katika sura ya 6 yaeleza kwamba hakuna mnyama katika ardhi wala ndege arukaye ila nao ni umma mfano wetu.

Limebaki jaribio la mwisho, ambalo nililiogopa. Niliifasiri sala: "Mara tano katika usiku na mchana viumbe hawa hujipanga safu, huelekea upande mmoja, huinama, kisha hugusisha paji la uso chini. Hakuna chakula kipatikanacho kwa tendo hili." Kila neno ni la kweli. Mwenye kukanusha dini atasema kwamba basi yamekwisha, hakuna zaidi. Na mwenye dini aliye mwepesi wa ghaidhi atasema kwamba daftari ni la kufuru. Naona wote wawili wamekosea mahali pamoja. Daftari lisilotaja jina la Mungu halijamkana Mungu, kama lisivyomkana mama kwa kuandika jike. Limeandika kilichoonekana kwa aliyesimama nje ya safu. Sala ni nidaa, na nidaa haina upande wa nje. Aliye ndani yake ameita, na kalamu isiyo na mdomo haiwezi kuandika mwito ila kwa kuandika mwendo wa midomo. Kosa huanza pale mwandishi anapodhani kwamba ukingo wa karatasi yake ndio ukingo wa dunia.

Usiku ule ule nilioandika barua ya mama, mvua ilikuwa imenyesha, na katika msikiti mdogo wa kijiji kumbikumbi waliingia kwa mamia kuifuata taa ya betri. Walizunguka, wakaanguka juu ya mikeka, wakaziacha mbawa zao, wakaanza kutembea wawili wawili, wa nyuma akimfuata wa mbele bila ya kumwacha. Watoto waliokuwa nje walikwisha kuleta bakuli. Mzee aliyekuwa mbele yangu katika safu, kabla ya kusujudu, alitwaa pindo la kanzu yake na kufagia polepole mahali ambapo paji lake lingegusa, akawasogeza wale waliokuwa hai, kisha akashuka. Baada ya sala alitoka nje, akaomba bakuli, akala kumbikumbi wawili au watatu wabichi, akasema ni watamu mwaka huu. Sikuona mgongano wowote katika matendo yale mawili, wala sasa sioni; alijua alikuwa mbele ya nani, na alijua chakula ni nini. Alikuwa amewatazama.

Hukumu yangu basi ni hii. Kumwandika mtu kama mdudu ni halali, tena kuna nyakati ni wajibu, pale mazoea yanapotupofusha na lawama inapotangulia uchunguzi. Lakini ni halali kwa masharti matatu, ambayo yule chungu wa Suleiman aliyatimiza yote katika sentensi moja: atazamwaye atajwe, udhuru wake uwekwe mahali pake, na maneno yawe ya namna ambayo mwenyewe akiyasikia ataweza kutabasamu. Ewe mwandishi wa taarifa, mhesabu wa wakimbizi, mtangazaji wa redio, na wewe unayeandika juu ya watu wa bonde au wa mlima usiokuwa wako, kopa hu- uitakayo, na ulipe.

Barua niliifikisha Uvira. Kijana aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaniuliza neno moja tu: baba ameanza kukohoa tangu lini? Nami, niliyeiandika kwa mkono wangu na kuifasiri kwa lugha ya daftari, sikuwa nimemwuliza mama yake.